Tarehe ya Kuonekana: Jiwe Lililopita Kilomita 3,600 Juu Yetu

Usiku wa kuamkia Ijumaa ya tarehe 27 Januari 2023, saa sita na dakika 27 kwa saa za Greenwich, jiwe lenye ukubwa unaokaribia ule wa lori lilipita juu ya ncha ya Amerika Kusini, kilomita 3,600 tu kutoka kwenye uso wa Dunia, kisha likashika njia yake. Halikuunguruma, halikuacha mstari wa moto, na hakuna aliyeliona kwa macho matupu. Mimi nililiona kwenye picha iliyopigwa kwa darubini kabla halijafika. Nyota zote zilikuwa zimevutika zikawa mistari mifupi iliyolalia upande mmoja, na katikati ya mistari hiyo palikuwa na nukta moja iliyotulia. Asiyezoea picha za anga angedhani kwamba nukta ile ni nyota na mistari ni mawe yanayokimbia, kumbe ni kinyume chake. Darubini ilikuwa imeelekezwa ilifuate jiwe hatua kwa hatua, na kwa kuwa jiwe lilikuwa likienda mwendo tofauti na ule wa anga, nyota ndizo zilizoachwa nyuma zikachorwa kama mikwaruzo.

Ili kuelewa jinsi lilivyopita karibu, ichore Dunia kama duara lenye upana wa shubiri moja. Kwa kipimo hicho jiwe lilipita juu ya mchoro wako kwa nafasi ya vidole vitatu vilivyobanwa pamoja. Setilaiti zinazorusha matangazo ya televisheni, ambazo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zingekuwa mbali kwa shubiri zisizotimia tatu, na Mwezi ungelazimika kuuweka shubiri thelathini kutoka hapo. Jiwe lilipita ndani ya duara la setilaiti hizo, tena ndani sana, na pito lake limo miongoni mwa mapito ya karibu zaidi yaliyowahi kurekodiwa.

Siku sita kabla ya pito hilo hakuna mtu duniani aliyekuwa akijua kwamba jiwe lile lipo. Tarehe 21 Januari, Gennadiy Borisov, akiwa kwenye kituo chake cha uangalizi kiitwacho MARGO huko Nauchnyi katika rasi ya Crimea, aliona alama inayosogea mahali ambapo haikupaswa kuwepo. Borisov ni mtu anayejitengenezea darubini zake mwenyewe, na ndiye aliyegundua mwaka 2019 ile nyota yenye mkia iliyotoka nje kabisa ya mfumo wetu wa Jua, ambayo sasa inaitwa kwa jina lake. Taarifa zake zilipelekwa kwenye kituo cha kimataifa kinachokusanya vipimo vya sayari ndogo, kilichopo Cambridge katika jimbo la Massachusetts, waangalizi wengine wakaelekeza darubini zao upande huo huo, na baada ya siku chache njia ya jiwe ilikuwa imejulikana kiasi cha kusema bila wasiwasi kwamba litapita na halitagonga. Likapewa jina la 2023 BU. Jina hilo lina mpangilio wake: herufi B ni ya nusu ya pili ya Januari, na U inaonyesha kwamba lilikuwa la ishirini kuorodheshwa katika nusu hiyo ya mwezi.

Watu wengi waliosoma habari zake walitaka kujua ukubwa wake, wakajibiwa kwamba lina upana wa kati ya mita 3.5 na 8.5. Baadhi walilalamika kwamba jibu hilo ni la kubahatisha, na kwa kweli tofauti ni kubwa, kwa sababu jiwe la mita 8.5 lina ujazo unaozidi mara kumi ule wa jiwe la mita 3.5. Hata hivyo ni jibu la uaminifu. Darubini haipimi upana wa kitu kidogo kiasi hicho, inapima mwanga wa Jua uliogonga jiwe na kurudi kwetu. Jiwe dogo lenye uso mweupe na jiwe kubwa lenye uso mweusi kama mkaa yanaweza kurudisha mwanga sawasawa, na anayetazama kwa mbali hana namna ya kuyatofautisha mpaka apate kipimo cha aina nyingine, kama vile cha rada au cha joto linalotoka kwenye jiwe lenyewe. Kwa hiyo kila mara usomapo kwamba asteroidi fulani, yaani jiwe la anga kama hili, ina mita kadha hadi kadha, jua kwamba nyuma ya namba hizo mbili kuna swali moja: je, jiwe hili ni jeusi kiasi gani?

Kama lingegonga, tungeona kimondo kikali kikipasuka juu angani, sehemu kubwa ingeteketea, na huenda vipande vichache vya mawe vingeanguka chini. Jiwe la ukubwa wa gari huingia katika angahewa yetu takribani mara moja kila mwaka, na mara nyingi hutokea juu ya bahari au jangwa ambako hakuna wa kulishuhudia. Safari hii ni Dunia iliyoliathiri jiwe. Kabla ya kutukaribia, 2023 BU lilikuwa likilizunguka Jua kwa siku 359, karibu sawa na mwaka wetu. Mvutano wa Dunia uliipinda njia yake ndani ya saa chache, na sasa mzunguko wake mmoja huchukua siku 425. Miezi miwili na zaidi imeongezwa kwenye mwaka wa jiwe kwa sababu lilipita mlangoni petu. Katika habari zote za usiku ule, hiyo ndiyo iliyonigusa zaidi, na nilishangaa kuona kwamba magazeti mengi yaliiacha kabisa yakashikilia neno "hatari".

Tangu siku ile nimekuwa na mazoea ya kupitia orodha za asteroidi zinazoikaribia Dunia, na nimeona jinsi mazoea hayo yalivyonibadilisha. Mwanzoni nilikuwa nikikimbilia safu ya umbali. Siku hizi jicho langu huanza kwenye tarehe mbili, ile ambayo jiwe lilionekana kwa mara ya kwanza na ile lililopita karibu nasi, na huhesabu siku zilizo kati yake. Umbali unaniambia kilichotokea mara moja kwa jiwe moja, lakini muda ule wa katikati unaniambia kama tulikuwa macho. Kwa 2023 BU zilikuwa siku sita. Kwa mawe mengine, tarehe ya kuonekana inakuja baada ya tarehe ya kupita.

Tarehe 16 Agosti 2020 jiwe lililoitwa 2020 QG lilipita kilomita 2,950 juu ya kusini mwa Bahari ya Hindi. Alama yake ilinaswa na kamera ya darubini ya Palomar huko California ikiwa ni mstari mfupi wa mwanga, saa sita baada ya jiwe kupita. Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Novemba, jiwe la 2020 VT4 lilipita kilomita zisizozidi 400 juu ya Pasifiki ya Kusini, kimo ambacho hakizidi kile kinachorukwa na Kituo cha Kimataifa cha Anga. Darubini za ATLAS, mradi wa kusaka asteroidi, huko Hawaii ziliigundua asteroidi hiyo ilipokuwa tayari inaondoka. Wataalamu walihesabu njia yake kurudi nyuma, kama mtu anayefuata nyayo kutoka mlangoni, na ndipo walipojua kwamba ilikuwa imepita wapi.

Sababu kubwa ya kuchelewa kwa namna hiyo ni Jua. Darubini za ardhini hutazama usiku, yaani zinautazama upande wa anga ulioelekea mbali na Jua. Jiwe linalotujia kutoka upande wa mchana limejificha ndani ya mwanga ule ule unaotuwezesha kuona kila kitu kingine. Jiwe dogo, kwa upande wake, huonekana tu likiwa limekaribia sana, na muda wa kuliona unakuwa wa siku chache au saa chache. Vikwazo hivyo viwili vinapokutana kwa jiwe moja, matokeo yake ni kama yale ya tarehe 15 Februari 2013.

Siku hiyo wanafalaki wa dunia nzima walikuwa wakisubiri asteroidi ya 2012 DA14, ambayo baadaye ilipewa jina la Duende. Ilikuwa imegunduliwa nchini Hispania mwaka mmoja kabla, njia yake ilikuwa imepimwa vizuri, na ilijulikana kwamba itapita kilomita 27,700 juu ya Dunia bila madhara. Kila kitu kilikwenda kama kilivyotabiriwa. Lakini saa zipatazo kumi na sita kabla ya Duende kufika, jiwe jingine lisilohusiana nayo hata kidogo, lenye upana wa karibu mita 20, liliingia angani juu ya mji wa Chelyabinsk nchini Urusi kwa kasi ya kilomita 19 kwa sekunde, likitokea upande wa Jua, bila darubini hata moja kuliona. Lilipasuka kwenye kimo cha kilomita 30 hivi. Mwanga wake ulilizidi Jua, na watu waliokuwa ndani ya nyumba walisogelea madirisha ili watazame kulikoni. Mwanga hufika papo hapo, mshindo huja taratibu, na ule mshindo ulipofika baada ya dakika moja au mbili, vioo viliwapasukia usoni. Watu wapatao 1,500 walitafuta matibabu, wengi wao kwa majeraha ya vioo. Kipande kikubwa kuliko vyote, chenye uzito unaozidi nusu tani, kiliopolewa baadaye kutoka kwenye ziwa Chebarkul.

Nimeyafikiria madirisha yale mara nyingi. Onyo la saa mbili lisingelizuia jiwe, wala hakuna chombo ambacho kingeruka kwenda kulikabili. Lingetosha tu kuwaambia watu kwamba wakiona mwanga mkali wasiende dirishani, wajiweke mbali na vioo, wasubiri mshindo upite. Wanaosema kwamba hakuna faida ya kutafuta mawe madogo kwa sababu hatuwezi kuyazuia wanasahau kwamba majeraha mengi ya siku ile yangeepukika kwa tangazo fupi.

Upande mwingine wa jambo hili uko Sudan, na ni kisa ninachokipenda kuliko vyote katika elimu hii. Asubuhi ya tarehe 6 Oktoba 2008 kwa saa za Greenwich, Richard Kowalski, akitumia darubini ya mradi wa Catalina, nao wa kusaka asteroidi, kwenye mlima Lemmon huko Arizona, aliona nukta inayosogea. Hesabu zilipofanywa ikabainika kwamba nukta ile ingeigonga Dunia katika muda usiotimia siku moja, katika jangwa la Nubia, kaskazini mwa Sudan. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia kwa mwanadamu kuiona asteroidi angani kabla haijagonga. Waangalizi wa nchi mbalimbali walitumia zile saa kumi na tisa na ushei zilizobaki kupima mamia ya vipimo, na darubini zililifuatilia jiwe likibingirika hadi lilipozama ndani ya kivuli cha Dunia, kama saa moja kabla ya mwisho wake. Hapo likazimika machoni mwa darubini zote, kwa kuwa hapakuwa tena na mwanga wa Jua wa kulimulika. Saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri kwa saa za Sudan, jiwe hilo la upana wa mita nne hivi liliingia katika angahewa na kupasuka kwenye kimo cha kilomita 37.

Wengi walidhani kwamba hakuna kilichobaki. Lakini mwezi Desemba mwaka ule ule, Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na Peter Jenniskens, mtaalamu wa vimondo anayefanya kazi Marekani, waliwachukua wanafunzi na wafanyakazi wa chuo hicho hadi jangwani. Walijipanga mstari mmoja mrefu, bega kwa bega lakini kwa kuachiana nafasi, wakatembea polepole wakiwa wameinamisha vichwa. Jangwa lina mawe ya kila rangi, na mengi ni meusi. Jiwe la kimondo kilichoanguka karibuni lina weusi wake wa pekee, kwa sababu limefunikwa na ganda jembamba lililoyeyuka wakati wa kupita hewani, na halijapigwa na jua na mchanga wa miaka. Katika misafara ile na iliyofuata vilipatikana vipande vipatavyo 600, vingi vidogo kiasi cha kukaa katikati ya kiganja, na vyote kwa jumla vina uzito wa kilo kumi hivi, kutoka kwenye jiwe lililokadiriwa kuwa na tani 80. Vimondo hivyo vinaitwa Almahata Sitta, kwa jina la stesheni ya reli iliyo kwenye njia ya kati ya Wadi Halfa na Khartoum, ambako watu walikiona kimondo kikiwaka. Maana yake ni Stesheni ya Sita, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa neno lile la pili.

Umuhimu wa vipande vile unatokana na tarehe ya kuonekana. Makumbusho ya dunia yamejaa vimondo ambavyo hakuna anayejua vilitoka wapi angani, na anga imejaa asteroidi ambazo hakuna anayejua zimeundwa kwa mawe gani. Kwa Almahata Sitta, kwa mara ya kwanza, mwanga uliopimwa na darubini na jiwe lililoshikwa mkononi vilikuwa vya kitu kimoja. Jambo kama hilo lilitokea tena tarehe 2 Juni 2018, asteroidi ya 2018 LA ilipoonekana saa chache kabla ya kuanguka juu ya Botswana, na vipande vyake vikatafutwa na kupatikana katika hifadhi ya Kalahari ya Kati.

Niliwahi kujaribu mwenyewe kazi ya kuona, na nilijifunza heshima ambayo sikuwa nayo. Picha nne za kipande kile kile cha anga, zilizopigwa kwa kupishana dakika chache, huwekwa kwenye kioo cha kompyuta na kubadilishwa haraka haraka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kisha tena kutoka mwanzo. Nyota hazitikisiki. Hitilafu za kamera hutokea mara moja na kutoweka. Unachotafuta ni alama hafifu inayoruka hatua sawasawa katika picha zote nne, kwa mstari ulionyooka. Baada ya nusu saa macho yangu yalianza kuona mwendo mahali ambapo haukuwepo. Nilipoipata nukta moja iliyokuwa ikitembea kweli, ilikuwa asteroidi iliyokwisha kujulikana, na bado nilisimama kutoka kitini. Programu za kompyuta hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo siku hizi, lakini bado kuna mtu anayeamua kwamba nukta hii ni ya kweli na hii si ya kweli, usiku baada ya usiku.

Ni kwa sababu hiyo sipendi jinsi taarifa za asteroidi zinavyotangazwa. Mfano mzuri ni 2024 YR4, jiwe la mita 60 hivi lililogunduliwa na darubini ya ATLAS iliyoko Chile tarehe 27 Desemba 2024, siku mbili baada ya kupita jirani nasi. Uwezekano wa kutugonga tarehe 22 Desemba 2032 uliendelea kupanda hadi ukafika asilimia 3.1 tarehe 18 Februari 2025, kisha ndani ya siku chache ukaporomoka hadi karibu na sifuri, na wengi wakasema kwamba wataalamu walikosea. Hawakukosea. Vipimo vikiwa vichache, mtaalamu hana mstari mmoja wa njia ya jiwe, ana ukanda mrefu wa mahali ambapo jiwe linaweza kuwa siku ile, na Dunia ni nukta iliyomo ndani ya ukanda huo. Kila kipimo kipya huufupisha ukanda, na maadamu Dunia bado imo ndani, sehemu inayoikalia inazidi kuwa kubwa kwa kulinganisha na ukanda wenyewe, hivyo asilimia inapanda. Siku ncha ya ukanda inapoivuka Dunia, asilimia inaanguka ghafla. Kupanda kule kulikuwa dalili kwamba kazi inaendelea.

Vyombo vinavyokuja vitabadilisha tarehe ninazozisoma. Kituo cha uangalizi wa anga cha Vera Rubin nchini Chile, ambacho picha zake za kwanza zilitolewa Juni 2025, kiliona asteroidi mpya zaidi ya 2,000 katika usiku chache tu za majaribio. ATLAS ina darubini Sutherland, Afrika Kusini, mbali na zile za Hawaii na Chile, na hivyo anga ya kusini, iliyokuwa na walinzi wachache mno kwa miaka mingi, haiko wazi kama zamani. Chombo cha NEO Surveyor kinachotayarishwa na NASA kitakaa kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, upande wa Jua, kikitafuta joto la mawe badala ya mwanga wao, na kitaweza kutazama karibu zaidi na Jua kuliko darubini za ardhini. Kwa chombo kama hicho, jiwe jeusi kama mkaa halijifichi, kwa sababu weusi hulifanya lipate joto zaidi.

Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029, asteroidi ya Apophis, yenye upana unaozidi mita 300, itapita karibu kilomita 32,000 juu ya uso wa Dunia. Vipimo vya rada vya mwaka 2021 vilithibitisha kwamba haitatugonga kwa muda wa miaka mia moja angalau. Watu wa Afrika, Ulaya na magharibi ya Asia watakaokuwa na anga safi wataiona bila darubini, nukta inayotembea taratibu kati ya nyota. Katika orodha yangu, safu yake ya tarehe ya kuonekana imeandikwa 19 Juni 2004.